Je, Asinziaye Mchana Ana Hatia?

Katika kijiji kimoja karibu na Kalemie, wakatekumeni wameketi chini ya mwembe. Katekista anafundisha. Mtu mzima mmoja, aliyekaa mwishoni mwa benchi, anainamisha kichwa na kusinzia. Vijana wanacheka. Mmoja asema, "Mvivu huyu." Mwingine anong'ona, "Amerogwa." Wote wawili wamekwisha kumhukumu mwenzao, wala hakuna aliyemwuliza neno. Basi, yafaa jambo hili lipimwe kwa akili.

Kwanza, uvivu ni nini? Uvivu ni kilema cha nia. Mvivu ajua wajibu wake, aweza kuutimiza, naye akataa kwa kuchukia taabu. Likikosekana mojawapo la mambo hayo, si uvivu tena. Usingizi haungoji ruhusa ya mtu. Humshika hata yule anayejitahidi kukaa macho. Na jambo lisilotokana na hiari haliwezi kuwa dhambi.

Lakini liko swali la pili: usingizi huo umeanzia wapi? Aliyekesha kwenye pombe hakuchagua kusinzia asubuhi, ila alichagua pombe akijua itakavyokuwa. Hatia yake imo katika matendo ya usiku. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika amekesha vilevile, lakini kwa sababu nyingine. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa inayowavuta karibu na wavu, naye mvuvi hurudi ufukoni kukipambazuka. Usiku wake ameutoa kwa ajili ya chakula cha watoto. Watu hao wawili husinzia namna moja, wala macho ya jirani hayawezi kuwatofautisha.

Wa tatu ni mgonjwa. Malaria, upungufu wa damu, huzuni nzito, hata dawa fulani, huleta usingizi wa mchana. Wako pia wanaokoroma sana, na pumzi yao hukatika mara nyingi usiku. Mtu wa namna hiyo hudhani amelala vema, kumbe mwili wake haukupumzika.

Tena uko ugonjwa wa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi katika vijiji vya ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, hata vijiji vya misheni. Wengi walidhani ni uchawi. Mwaka 1903, huko Uganda, Aldo Castellani na David Bruce walionyesha chanzo chake: ni vijidudu vidogo mno, navyo huchukuliwa na mbung'o. Kwanza mgonjwa hupata homa, maumivu ya kichwa na ya viungo. Pengine tezi za shingo huvimba. Baada ya miezi au miaka, vijidudu huingia katika ubongo. Ndipo mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, tabia yake hubadilika, maneno yake huchanganyika. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa.

Siku hizi malale yamepungua sana. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 waligunduliwa katika Afrika. Tangu mwaka 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka, nao walio wengi wamo katika Kongo. Mwaka huo wa 2018 Kongo iliidhinisha dawa mpya, fexinidazole, vidonge vinavyomezwa kwa siku 10. Lakini vidonge havimfai mtu anayejificha nyumbani kwa kuogopa kuchekwa. Siku zinapita, ugonjwa unazidi kupanda kichwani, na mbung'o anayemwuma aweza kuupeleka kwa jirani yake, pengine kwa yule yule aliyemcheka. Hivyo hukumu ya haraka si kosa dogo la ulimi. Yaweza kuua.

Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia habari za kijana Eutiko. Mtakatifu Paulo alikuwa akihubiri huko Troa hata usiku wa manane. Kijana huyo, aliyeketi dirishani, alishikwa na usingizi, akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo hakumkemea kwa kulala wakati wa mahubiri. Alishuka, akamkumbatia, na kijana akarudishwa hai.

Basi, wajibu ni wa pande mbili. Asinziaye achunguze dhamiri yake. Ikiwa pombe au michezo ya usiku ndiyo sababu, aiache. Ikiwa hajui sababu, na usingizi haumwachi, aende zahanati mapema, wala asikubali kuambiwa kwamba ni uchawi. Na jirani naye azuie ulimi wake. Ampe mvuvi nafasi ya kulala, amsindikize mgonjwa kwa mganga wa zahanati. Na katekista, akiweza, apange saa nyingine ya mafundisho kwa hao wakeshao ziwani.

Kila asubuhi watu husalimiana kwa kuulizana, "Umelala vema?" Wengi huuliza, kisha hupita bila kungoja jibu. Yule mtu wa mwisho wa benchi alikuwa na jibu. Ilifaa mmoja tu angoje kulisikia.