Nguzo na Nakala: Suala la Uasilia kutoka Himeji hadi Kaloleni

Je, jengo la kale lina dai lolote la kimaadili juu ya walio hai? Swali hili huzuka kila mgeni anapoingia katika jengo la kihistoria akitarajia kukutana na kitu chenyewe, si mfano wake. Nchini Japani limepata umbo bayana. Miongoni mwa ngome za kale za nchi hiyo, ni 12 tu ambazo minara yake mikuu ya asili ingali imesimama. Mnara wa Osaka ulijengwa upya kwa saruji mnamo 1931, na ndani yake mna lifti. Ule wa Himeji, uliokamilika mwaka 1609, hupandwa kwa ngazi za mbao zenye mwinamo mkali. Kwa mbali yote miwili hupendeza. Tofauti yake i wapi?

Jibu jepesi ni kwamba tofauti imo katika mbao zenyewe. Jibu hilo halitoshi. Katika ukarabati wa 1956 hadi 1964, mnara wa Himeji ulifumuliwa na kuundwa tena, na mojawapo ya nguzo zake mbili kuu ikabadilishwa. Iwapo uasilia ni ukale wa mbao tu, basi Himeji nayo ni nakala kwa kiasi fulani.

Mhakiki wa fasihi analifahamu tatizo hili. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir unaotafakari magofu ya Pate, umemfikia msomaji kupitia mikono ya wanakili, akiwamo Muhamadi Kijuma wa Lamu. Hakuna auitaye utenzi huo bandia kwa kuwa karatasi ni nyingine. Kasri zimeporomoka, maneno yamebaki. Kwa nini basi jengo lidai heshima ambayo hati hainyimwi kwa kunakiliwa?

Sababu ni kwamba utenzi umo katika maneno yake, na maneno huhamishika. Jengo, kinyume chake, limebeba mengi ambayo hakuna aliyekusudia kuyaeleza. Mtaa wa Kaloleni, katika eneo la Makadara jijini Nairobi, ni ushahidi mzuri. Ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za wafanyakazi Waafrika, na ukapewa ukumbi wa burudani na mikutano. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki; kabla mwezi uliofuata haujaisha, alikuwa amekamatwa. Bamba la shaba laweza kuitaja tarehe hiyo. Haliwezi kumwonyesha mgeni jinsi chumba cha familia kilivyokuwa kidogo, wala jinsi ukumbi uliotolewa na watawala ulivyogeuzwa dhidi ya nia yao. Nakala husema kile tu ambacho mwenye kuiunda anakijua na anataka kisemwe. Jengo lenyewe laweza kumkanusha hata mwenye kulisifu.

Kwa mtazamo huu, nguzo mpya ya Himeji haiuvunji uasilia. Fundi wa ukarabati hulazimika kulisoma jengo kabla ya kuligusa: apime viungo, afuate vipimo alivyovikuta. Yeye hulitii jengo. Mwenye kujenga nakala hulitaka jengo limtii yeye. Uasilia, basi, ni uhusiano wa utii huo, wala si umri wa mbao peke yake.

Hata hivyo, hoja hii ina hatari yake. Ni rahisi kumwambia mpangaji wa Kaloleni avumilie paa linalovuja ili wengine wapate historia ya kuzuru. Hapana anayelala katika mnara wa Himeji. Kaloleni watu huzaliwa, huugua na kuzeeka. Utu wa mkazi hautangulii kuta kwa bahati: kuta hizo zina thamani kwa sababu ziliwahi kuwa makao ya watu walioudai utu huo. Kuzihifadhi kwa kumdhalilisha mrithi wao ni kuukana ushuhuda wao wenyewe.

Lakini mipango ya kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands na kujenga maghorofa haipati uhalali kutokana na hoja hiyo. Kati ya kuacha nyumba zioze na kuzifuta kuna njia ya tatu, nayo ni kukarabati kwa ajili ya wanaokaa humo, kwa kauli yao. Pale ambapo hilo haliwezekani, ukumbi na baadhi ya nyumba vibaki, udogo wa vyumba usifichwe. Jamii isiyobakiza chochote kinachoweza kuikanusha itabaki na sifa zake tu, na sifa hazijawahi kuwa historia.