Ulimi wa Mwanafunzi Muislamu Ugenini

 

Imepokewa kuwa Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima akiwasomesha wanafunzi wake mjini Basra ndani ya chumba cha chini ya ardhi, huku wakisuka makapu ili watawala wasitambue kuwa pana darsa. Hiyo ndiyo njia ya kitmani, njia ya aliyenyimwa haki ya kusema. Mtoto wa Kiislamu anayesoma Stratford, mashariki ya London, hayumo katika dhiki hiyo. Basi haimfalii mzazi kumfundisha kuificha dini yake, wala kumwandikia udhuru wa homa siku ya Idi. Huo ni uongo, na tena hauna haja. Sheria ya Elimu ya 1996 ya Uingereza inaikubali siku iliyotengwa kwa ibada ya dini ya mzazi kuwa udhuru wa kutohudhuria skuli. Na sheria ya skuli ya 1998 inampa mzazi haki ya kumtoa mwanawe katika ibada ya pamoja.

Hata hivyo haki hiyo ina mipaka. Mwaka 2024 Mahakama Kuu mjini London ilikataa dai la mwanafunzi wa skuli ya Michaela, Wembley, aliyetaka kusali wakati wa mapumziko. Miongoni mwa hoja za hakimu ni kuwa aliingia skuli ile akijua kuwa haifuati dini yoyote, na kuwa ina masharti yake. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huuliza kabla ya kuandikisha.

Na namna ya kudai nayo ni ibada. Upton Park, jirani na Stratford, skuli ya msingi ya St Stephen's iliwakataza hijabu wasichana walio chini ya miaka 8. Wazazi walipinga, na Januari 2018 katazo likaondolewa. Lakini wapo waliompelekea mwalimu mkuu matusi, na hao walikosea. Katika Surat Taha, Musa na Harun waliamrishwa wamwambie Firauni maneno laini. Na mwalimu wa skuli si Firauni.

Mtoto na afundishwe kusema ukweli bila hofu na bila ukali. Mwenyezi Mungu awathibitishe watoto wa Kiislamu popote walipo. Amin.