Muvi yangu namba moja, na uongo nilioutunga mbele ya wenzangu



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nakuletea jambo dogo ambalo limenisumbua kwa miezi kadhaa. Ni kuhusu muvi. Usicheke kwanza.

Jioni moja baada ya chakula cha usiku, sisi mafrateri tulikuwa tumekaa tunapiga stori, ukaanza mchezo: kila mmoja ataje muvi tano anazozipenda kuliko zote, aanze na ya tano amalizie na ya kwanza. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza shahada ya falsafa, kichwa bado kinanukia vitabu. Zamu yangu ilipofika nikamwaga majina makubwa makubwa. The Mission ya mwaka 1986. A Man for All Seasons ya mwaka 1966, inayomhusu Mtakatifu Thomas More. Namba moja nikaweka Babette's Feast, filamu ya Denmark ya mwaka 1987. Wenzangu wakaguna kwa heshima. Mmoja akasema, "Aisee, frateri, wewe uko mbali."

Ukweli ni huu: Babette's Feast nilikuwa nimeitazama mara moja tu, na katikati nilisinzia.

Wiki chache baadaye ilikuwa siku ya wageni. Kaka yangu mkubwa akaja na bodaboda yake, ile ile iliyonilipia ada tangu baba alipofariki. Tukiwa tunakunywa soda, mwenzangu mmoja akamwambia kaka kwamba mdogo wake ni mtu wa filamu za Denmark. Kaka akacheka mpaka akaweka chupa chini. "Huyu dogo? Huyu si ndiye aliyekuwa analia tukikosa hela ya kwenda kuangalia Commando?"

Wote wakacheka. Na mimi, badala ya kucheka nao, nikasema, "Aa, kaka, hayo yalikuwa mambo ya kijinga ya utotoni."

Kaka akanyamaza. Akaangalia viatu vyake, halafu akaanza kuuliza kama huku kwetu mvua zimeshaanza.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka kibanda umiza cha mtaani kwetu: benchi za mbao, joto, vumbi, televisheni moja juu ya kabati, na jamaa mwenye kipaza sauti anayetafsiri kila kitu kwa namna yake. Kiingilio kilikuwa shilingi 100. Kuna siku kaka alikuwa na shilingi 100 tu. Akanilipia mimi, yeye akasimama nje akichungulia kwenye tundu la mabati. Commando ya mwaka 1985 niliitazama hivyo, na baada ya hapo sijui mara ngapi. Hiyo ndiyo muvi yangu namba moja. Mimi nilikuwa nimeiita ujinga mbele ya mtu aliyesimama juani ili niione.

Basi nikajiuliza: je, kusema uongo juu ya kitu unachokipenda ni dhambi kweli, au ni mzaha tu wa jioni?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anajadili uongo, halafu anajadili pia majivuno, yaani mtu kujipandisha kwa maneno juu ya kile alicho. Anayaona kuwa ni kosa dhidi ya ukweli. Thoma huyo huyo anatetea mchezo na maburudisho, kwa sababu roho nayo huchoka kama mwili na inahitaji kupumzika. Kwa hiyo tatizo halikuwa kuzungumzia muvi badala ya kusali rozari. Tatizo ni kwamba muda wa mchezo niliugeuza kuwa muda wa kujiuza. Na ili niuze vizuri, ilibidi nimfiche kaka yangu, kile kibanda na ule mtaa. Nilidhani uongo wangu haumuumizi mtu. Kumbe ulikuwa na mtu wa kumuumiza, na alikuja siku ya wageni.

Hapa kuna tofauti ambayo huwa tunaichanganya. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45, zikiwa katika makundi matatu: dini, maadili na sanaa. Babette's Feast imo. Orodha kama ile inauliza juu ya filamu yenyewe: ina thamani gani? Lakini mtu akikuuliza, "Wewe unapenda ipi?", anauliza juu yako. Mimi nilijibu swali la pili kwa majibu ya lile la kwanza.

Utaniuliza, "Frateri, kwa hiyo kila mtu apende anachopenda, basi yameisha?" Hapana. Mtakatifu Augustino alipokuwa kijana kule Kartago alipenda sana michezo ya kuigiza. Baadaye, katika Maungamo, anajishangaa: aliwalilia watu wa kwenye jukwaa, huku jeraha lake mwenyewe halioni. Kwake yeye, mapendo yana mpangilio. Unaweza kukipenda kitu chema kwa namna mbaya, au kukipa nafasi isiyo yake. Kusema kwa unyofu kile unachokipenda ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo inabidi ukiangalie.

Nikaiangalia Commando kwa macho hayo. Kuna baba, mwanajeshi mstaafu, binti yake anatekwa, naye anapita kila kikwazo mpaka ampate. Nadhani hicho ndicho kilichotushika sisi wawili, tuliokuwa na baba mgonjwa nyumbani. Lakini njiani anaua watu wengi mno. Hawana majina wala mama zao. Wanaanguka, na sisi tunashangilia. Pale kibandani tulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Hata akizungukwa na bunduki hamsini, hatukuwa na wasiwasi.

Halafu nikaikumbuka filamu ya Ufaransa ya mwaka 2010, Of Gods and Men, juu ya wamonaki wa Tibhirine, Algeria. Vurugu zinakaribia, wanajadiliana waondoke au wabaki na majirani zao Waislamu. Mwanzoni hawakubaliani, wengine wanaogopa waziwazi. Bruda Luc, mganga mzee, anatibu kila anayekuja, hata mwenye bunduki. Mwishoni wanabaki. Mwaka 1996 saba kati yao walitekwa na kufa, na tarehe 8 Desemba 2018 Kanisa liliwatangaza wenye heri huko Oran. Hapa steringi anakufa, tena bila kumgusa adui yake. Huyo Yesu tunayemfuata naye si alikufa? Na walikuwepo waliomwambia ashuke msalabani, yaani awe steringi wa aina ile tuliyoizoea.

Kwa hiyo hii hapa orodha yangu ya kweli. Ya tano, A Man for All Seasons. Ya nne, Babette's Feast, ambayo nimeirudia nikiwa macho: mwanamke anashinda bahati nasibu na kuitumia fedha yote kuwapikia wengine mlo mmoja. Ya tatu, The Mission, kwa ajili ya Mendoza anayeburuta mzigo wa silaha zake kupanda maporomoko, mpaka wale aliowatesa wanamkatia kamba. Ya pili, Of Gods and Men. Ya kwanza bado ni Commando. Sisemi ndiyo bora. Najua Of Gods and Men inastahili kuwa juu, na naomba siku moja moyo wangu ufike huko. Lakini Mungu hawezi kuunyoosha moyo ninaomficha. Anaanza na huu nilio nao.

Jumapili iliyofuata nilimpigia kaka nikamwomba radhi. Akasema, "Dogo, mimi nilishasahau." Sauti yake iliniambia hakuwa amesahau. Halafu akauliza kama likizo nitakuja na muvi yoyote. Nimeshaweka mbili kwenye flashi, nadhani unazijua.

Wiki hii, kabla ya kulala, andika muvi zako tano bila kumfikiria atakayesoma. Kisha kaa nazo kimya mbele ya Bwana na umuulize: zimenifundisha kumpenda nani, na zimenizoeza kutomwona nani?

Tuombeane.