Nira ya Nani?



Wengi wenu mnajua maneno yaliyozunguka hapa makazini tangu shirika moja lilipoanza kufundisha akina mama yoga, mara mbili kwa wiki. Wengine walisema ni mazoezi tu. Wengine walisema ni ibada ya miungu, na Mkristo akiingia pale amekwisha kumkana Bwana wake. Sisi wa umoja wa akina mama tuliulizwa swali hilo kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya mgao. Tulijibu kabla ya kufikiri. Leo tunataka kujibu tena, taratibu.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Kuna mama mwenzetu aliyekuwa halali usiku. Upepo ukipiga turubai, aliamka akidhani ni wale watu waliovamia kijiji chake. Tulimwombea mara nyingi. Lakini tuliposikia kwamba anakwenda kwenye darasa lile, tulimwita pembeni tukamwambia asimame kuimba kwaya mpaka atubu. Hakubishana nasi. Aliacha tu kuja. Zilipita wiki tatu ndipo mmoja wetu akamtembelea na kumuuliza jambo ambalo tangu mwanzo hatukuwa tumemuuliza: siku hizi unalalaje? Akajibu, "Nalala mpaka jogoo anawika."

Tulishikwa na aibu. Tulikuwa tumemhukumu kwa jambo ambalo hatukulijua. Basi wanne kati yetu tukaenda kuona kwa macho yetu.

Tuliyoyaona ni haya. Unavua viatu na kuketi kwenye mkeka, tumbo likiwa halijajaa chakula. Unavuta pumzi kwa pua, kisha unaitoa polepole kuliko ulivyoivuta. Unaweka viganja na magoti chini, unakunja mgongo juu na kuushusha, kama paka anavyojinyoosha. Unapiga magoti na kuweka paji la uso mkekani. Aliyeumia goti anaambiwa asijilazimishe, na mwenye mimba au ugonjwa wa presha anatakiwa kumwambia mwalimu mapema. Mwisho, kila mtu analala chali na kutulia.

Hapo mwisho ndipo palipokuwa na shida. Mwalimu aliutaja mkao huo kwa jina lake la asili, ambalo maana yake ni mkao wa maiti. Mama mmoja aliinuka akatoka nje. Hakuna aliyemuuliza sababu. Sisi sote tunajua tulikopita na tuliyoyaruka njiani. Mwalimu naye alielewa. Tangu siku ile anauita mkao wa kupumzika, na asiyetaka kulala au kufumba macho anaruhusiwa kukaa macho wazi, mgongo ukiwa ukutani.

Sasa tuulize: jambo hili limetoka wapi? Yoga imetoka India, na neno lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya huko. Mzizi wake una maana ya kufunga pamoja, kama ng'ombe wanavyofungwa nira. Kwa Wahindu tangu kale ni njia ya kuitawala nafsi na kutafuta ukombozi. Mikao ya mwili ni sehemu yake moja tu. Mwaka 1893 Swami Vivekananda alihutubia mkutano mkubwa wa dini mjini Chicago, na watu wengi wa Magharibi wakaanza kusikia mafundisho hayo. Katika miaka ya 1930 mwalimu Krishnamacharya alifundisha vijana mikao ya mwili mjini Mysore, na mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar akaandika mwaka 1966 kitabu kilichoifikisha katika nchi nyingi. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga duniani.

Kwa hiyo anayesema yoga haina uhusiano wowote na dini hasemi kweli yote. Na anayesema kila anayejinyoosha mkekani anaabudu miungu, naye hasemi kweli yote. Wakristo wa kwingine pia wamelipima jambo hili. Mwaka 1989 Vatikani iliwaandikia maaskofu barua kuhusu sala. Ilionya kwamba mtu asidhani utulivu wa mwili ndio faraja ya Roho Mtakatifu, lakini haikukataa kila njia inayotoka katika dini nyingine. Huko Marekani, jimbo la Alabama lilipiga marufuku yoga katika shule za serikali mwaka 1993. Mwaka 2021 liliruhusu mikao na kunyoosha viungo, lakini likaendelea kukataza nyimbo na maneno ya ibada.

Neno la Mungu linatusaidiaje? Kitabu kitakatifu hakiitaji yoga. Lakini kinatuonyesha watu walioulizwa swali la kuinama.

Shadraka, Meshaki na Abednego waliamriwa wainame mbele ya sanamu ya mfalme (Danieli 3). Walikataa, wakatupwa motoni. Naamani, baada ya kuponywa ukoma, alimwambia Elisha kwamba bwana wake humwegemea mkononi akiingia hekalu la Rimoni, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Akaomba asamehewe kwa hilo, na Elisha akamwambia aende kwa amani (2 Wafalme 5). Migongo iliinama vilevile. Tofauti ilikuwa wapi? Wale vijana watatu waliambiwa wainame ili waabudu. Naamani aliinama kwa sababu mzee alikuwa amemwegemea, na moyo wake alikuwa amekwisha kumpa Mungu wa Israeli.

Basi kuinama kwa mwili peke yake hakutoshi kutuambia moyo umeinamia nini. Wakulima wanainama shambani. Sisi wenyewe tuliinama chini ya vitanda risasi zilipolia. Swali ni hili: mgongo wangu unapoinama, moyo wangu unafungwa nira ya nani? Bwana Yesu naye alisema habari za nira, akawaita waliochoka na kulemewa wajitie ile ya kwake (Mathayo 11). Mkristo amekwisha kufungwa nira hiyo, hawezi kubeba mbili.

Kwa hiyo tunawashauri mambo matatu.

Kwanza, uliza kabla ya kuingia. Mwambie mwalimu, kwa adabu, "Ndugu, je, hapa tunaimba au kutamka maneno ya ibada? Maana yake ni nini?" Sisi tuliuliza. Tukaambiwa kwamba katika darasa hilo hakuna nyimbo wala sala, na mtu anayeona salamu fulani inamsumbua ataiacha. Mahali ambapo utalazimishwa kutamka usichokiamini, ondoka. Wala msikubali kuambiwa kwamba asiyehudhuria hatapata msaada.

Pili, msiwadharau Wahindu. Jambo hili ni lao na wanaliheshimu. Sisi tunajua uchungu wa mtu kutukaniwa kabila lake na dini yake. Tunaweza kusema imani yetu ni nyingine bila kuwaita wengine mashetani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tusidharauliane sisi kwa sisi. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyouzwa sokoni, ambayo pengine ilitolewa kwa sanamu. Mwenye dhamiri huru aliruhusiwa kula, lakini alipaswa kumfikiria ndugu ambaye dhamiri yake inaumia. Vivyo hivyo leo. Ikiwa dhamiri yako inakukataza, usiende, na asikuite mtu mshamba. Wewe unayekwenda, usimvute mwenzako kwa kumcheka. Na wewe usiyekwenda, usimfungie mwenzako mlango wa kanisa ambao hukuufungua wewe.

Wako wanaotuuliza, "Kwani sala haitoshi?" Hatusemi haitoshi. Lakini mkumbukeni Eliya. Naye alikuwa mkimbizi, akimkimbia Yezebeli, amechoka mpaka akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, kisha malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akala tena. Ndipo safari ikaendelea, na ile sauti ndogo ya utulivu ikaja baadaye (1 Wafalme 19). Mungu aliyeumba roho ndiye aliyeumba mgongo na mapafu, na anajua ni kipi kilichochoka. Kwa mmoja pumziko hilo litakuja kwa kutembea jioni, kwa mwingine kwa kulima bustani ya mchicha, kwa mwingine kwenye mkeka ule. Na mwenye ugonjwa aende zahanati. Yoga si badala ya dawa.

Yule mama tulikwenda kumwomba msamaha, sote, si mmoja kwa niaba ya wengine. Alitukaribisha, akatupa uji. Hakutuambia kama ametusamehe. Alituuliza tu mazoezi ya kwaya yanaanza saa ngapi. Jumapili iliyofuata alikuwa mahali pake, safu ya pili. Katika umoja wetu wako wanaokwenda naye darasani siku hizi, na wako ambao hawatakwenda kamwe. Siku ya Jumamosi wote tunafagia kanisa pamoja.

Jamaa zote, jioni mkikaa pamoja, msianze kwa kuuliza nani anakwenda na nani haendi. Anzeni kwa kuulizana swali lile tulilochelewa kuliuliza: unalalaje siku hizi?

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Amina.