Shule Ni ya Nani?



Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, Maria na Yosefu walimtafuta siku tatu, wakamkuta Hekaluni kati ya walimu. Walimu wale walikuwa wajuzi wa Torati. Hata hivyo wazazi hawakusema kwamba mtoto yumo mikononi mwa wakubwa, basi yatosha. Walimwendea, wakamwuliza, wakarudi naye Nazareti.

Twaikumbusha habari hiyo kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, yataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Ni shabaha njema, nasi twaiunga mkono. Lakini sera huhitaji sheria, na sheria yafaa ijadiliwe na wenye watoto.

Sheria ya mwaka 1969 iliziweka chini ya Serikali shule nyingi za misheni, ili watoto wa dini zote waketi pamoja pasipo ubaguzi. Mwaka 2016 ada ziliondolewa hadi kidato cha nne. Yote mawili yalikuwa na manufaa; ila wazazi wengi walikata shauri kwamba shule ni mali ya Serikali, wao hawana neno. Sivyo! Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Haki hiyo haikuondoka pamoja na majengo.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka kamati za shule za msingi na bodi za sekondari. Twaomba marekebisho yo yote yazipe nguvu ya kweli, wala si kazi ya kuchangisha fedha tu. Maana mzazi aweza kuadhibiwa mtoto asipokwenda shule. Ni haki basi asikilizwe mtoto aendapo na njaa.

Hapa Hombolo kipo Chuo cha Serikali za Mitaa, kinachowafunza watumishi wa halmashauri. Kuketi kikaoni kama mzazi, lakini, hujifunzwa kwa kuhudhuria. Ugogo hupata msimu mmoja wa mvua. Ghala likiisha, nani atanena juu ya uji wa mchana? Nani atamtetea binti aishiye mbali na sekondari? Miaka 10 ya njaa na mwendo mrefu haitakuwa elimu.

Enyi akina baba na akina mama, kikao cha shule kikiitishwa, nendeni. Msingoje kumtafuta mtoto siku ya tatu.