Mamlaka ni amana, si milki

WATU wa Kahama, Geita na Shinyanga kwa jumla wana haki ya kuuliza: dhahabu iliyo chini ya miguu yao, nani mwenye kauli juu yake?

Katiba inajibu. Ibara ya 8 inawafanya wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 63 inawapa wabunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yao. Lakini mawaziri nao huteuliwa miongoni mwa wabunge hao hao. Msimamizi na msimamiwa wanakaa ukumbi mmoja, na mara nyingi chama kimoja.

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2007. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulitiwa saini London mwezi Februari. Mwezi Agosti, Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliomba Bunge liunde kamati teule kuchunguza jambo hilo. Hoja ikakataliwa, naye akasimamishwa ubunge kwa madai ya kusema uongo.

Tuwe waadilifu. Bunge lina haki ya kumwadhibu muongo, na waziri naye ana heshima yake. Lakini ukweli ungejulikanaje bila uchunguzi? Kuhukumu kabla ya kutazama ushahidi si uadilifu, hata kama waliopiga kura ni wengi. Wingi unatoa ushindi, hautoi haki.

Wapo wasemao mikataba ya biashara ina siri zake. Mazungumzo yanaweza kuwa na siri. Lakini wakili aliyekwisha kuuza mali ya aliyemtuma hawezi kumficha mwenye mali masharti ya mauzo. Sura An-Nisaa, aya ya 6, inamtaka mlezi wa yatima aweke mashahidi anapomkabidhi mali yake. Ikiwa mali ya yatima mmoja inataka mashahidi, sembuse mali ya taifa zima?

Novemba mwaka huo huo Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawa mjumbe. Ikaja Sheria ya Madini ya 2010, kisha sheria za 2017 zilizolipa Bunge uwezo wa kupitia mikataba yenye masharti hasi. Miaka kumi ilikuwa imepita. Mwaka 2021 uchimbaji wa Buzwagi ukafikia mwisho. Dhahabu haioti tena kama mahindi. Uangalizi unaochelewa hauirudishi.

Ndugu Muislamu, usiishie kuwalaumu walioko Dodoma. Wao ni mawakili. Aliyewatuma ni wewe. Anayeuza kura yake kwa khanga au sahani ya pilau amekwishaivunja amana kabla mbunge hajala kiapo. Mdai mbunge wako hesabu, nawe jiandae kutoa yako, siku ambayo hakuna chama kitakachomkinga mtu.

Wabillahi Tawfiq.