Mposaji wa Kiogoro na Suala la Nasaba

Katika darasa letu tuliletewa suala ambalo tumeona si vyema kulinyamazia. Kijana mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Kiogoro karibu na mji wa Kisii, aliposa binti wa mji wetu. Kijana huyu ni mwalimu, hana deni la mtu, sala haimpiti, na binti mwenyewe yu radhi naye. Baba wa binti akajibu kwamba dini ya kijana hana neno nayo, na tabia yake ameiona. Ila ni mtu wa bara, hana asili, na yeye hawezi kuuchanganya ukoo wake. Jawabu hilo likazusha mjadala mkubwa, hata mmoja katika wanadarasa akasema: "Zama hizi kuna kipimo cha DNA. Na wapimwe, ijulikane nani mwenye asili na nani hana!"

Neno hili lina sura ya elimu, na kwa hiyo twaona ni wajibu kulipima kabla ya kulikubali.

Kwanza na tukijue kipimo chenyewe. Ndani ya mwili wa mwanadamu mna maandishi ya urithi, ambayo Waswahili wa leo wameyaita vinasaba, na herufi zake ni kiasi cha bilioni 3. Kwa miaka mingi mashine za wataalamu ziliyasoma kwa vipande vifupi, vya herufi mia chache, kisha vipande vikaungwa. Mfano wake ni kitabu kilichochanwachanwa: pale ambapo sentensi moja imekaririwa mara nyingi, muungaji hajui kipande kipi kikae wapi. Ndiyo sababu kazi iliyotangazwa mwaka 2003 kuwa imekwisha ilibaki na mapengo ya kama asilimia 8. Zilipokuja mashine za kusoma vipande virefu, vya maelfu na maelfu ya herufi kwa mara moja, mapengo hayo yakajazwa mwaka 2022.

Hata hivyo kilisalia kipande kimoja, nacho ndicho kinachotuhusu khasa: kromosomu iitwayo Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume peke yake. Ilikuwa imejaa maneno yaliyokaririwa, na katika herufi zake milioni 62 kama nusu zilikuwa hazijulikani mpaka ilipokamilishwa mwaka 2023.

Basi huo ndio uzi wa nasaba tunaojivunia, baba wa baba wa baba, na leo wasomeka mwanzo hadi mwisho. Lakini watueleza nini? Mtu ana wazazi 2, na wazee 4 nyuma yao. Akirudi vizazi kumi, nafasi za waliomzaa ni 1,024. Uzi wa Y watoka kwa mmoja tu katika hao. Wale 1,023 hauwataji, na 512 katika hao ni mama zake. Mwenye kusema kwamba huyu mmoja ndiye asili yake yote, amewafanyia wale wengine dhulma.

Wala hatusemi haya kwa kukisia. Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji 6 ya pwani yetu, mmojawapo Mtwapa, na Manda, na Kilwa, pamoja na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa wataalamu waliouongoza ni Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu. Maandishi ya mifupa hukatika kwa uzee, hivyo yalisomwa kwa vipande vifupi, nayo yalitosha. Ilionekana kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 watu wa pwani walichanganyika. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume, wengi wao wa Uajemi, na upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa wanawake. Tena kwa wengi wao upande huo wa Afrika ulizidi nusu.

Basi wazee waliosimulia khabari za Shirazi hawakusema uwongo. Walisimulia upande wa mababu, na mabibi wakasahauliwa. Na mabibi hao ndio waliotulea na kutupa lugha. Mtu kwa Kigusii ni omonto, na watu ni abanto. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo. Anayemkataa kijana wa Kiogoro kwa kuwa ni wa bara, na ajiulize bibi yake mwenyewe angepokewaje mlangoni pake.

Ama kusema kwamba kijana hana asili, si kweli. Huko Nyaribari mtu huulizwa ukoo wake kama aulizwavyo Lamu au Mombasa, naye huwahesabu wazee wake mmoja mmoja. Asili anayo, tusiyoijua sisi tumeiita hakuna.

Je, wapimwe? Twasema, kwa kusudi hilo, la. Leo tutajivunia jina la ukoo, na kesho tutajivunia asilimia iliyotoka katika mashine. Kiburi ni kile kile, kimebadili kanzu. Tena kipimo hicho huweza kufichua siri za marehemu ambazo Mwenyezi Mungu amezisitiri. Ikiwa ni kupima kabla ya nikaha, basi wote wawili na wapimwe selimundu, ugonjwa ulioenea pwani na Nyanza pia. Kwani wazazi wote wawili wakiwa wameibeba mbegu yake, kila mtoto ana hatari ya moja katika nne ya kuzaliwa nao. Hiyo ndiyo elimu ya damu yenye manufaa kwa wachumba.

Atasema msemaji: je, kafaa? Hatufichi kwamba madhehebu yetu ya Imam Shafi huihesabu nasaba katika kafaa. Lakini vitabu hivyo hivyo vyasema kwamba hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, wawezao kuisamehe, na wakiridhia nikaha ni sahihi. Haki ya kuzuia si amri ya kuzuia. Na Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alishauriwa na Mtume (S.A.W.) aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwanzo hakupendezwa, kisha akatii, akaona kheri.

Hatumlaumu baba kwa kumwonea hofu mwanawe. Na aulize juu ya dini ya mposaji, na mwenendo wake, na riziki yake. Huo ni wajibu wake. Akisha kuyauliza hayo akaridhika, kama ambavyo baba huyu amekiri kwamba ameridhika, hana mahali pengine pa kutafuta ubora wa mtu. Mataifa na makabila tumepewa tujuane, na utukufu umewekwa katika uchaji, ambao hauna herufi ya kusomwa na mashine, iwe ya vipande vifupi au virefu.

Binti yungali akingoja. Mwenyezi Mungu ampe baba yake moyo wa insafu, na sisi sote pamoja naye.